Maji ya Baba Bado Yamo Kwenye Rejeta

Mpendwa Shangazi, naomba msaada wako, na tafadhali ukitaka kucheka, cheka kwanza umalize ndipo unijibu, maana hata mume wangu ameshindwa kunisikiliza bila kuziba mdomo.

Baba yangu alikuwa dereva wa malori, alipostaafu akabaki na pikapu yake moja tu, na kila Jumamosi asubuhi, injini ikiwa baridi, alifungua boneti, akaweka kikombe chake cha chai juu ya betri, akafungua kifuniko cha rejeta na kuchovya kidole, kisha ananionyesha, "Unaona, mama? Bado kijani," nami nafurahi utadhani nimefaulu mtihani, na ukifika wakati wa kubadilisha maji mimi ndiye niliyemshikia faneli, tangu niko darasa la pili hadi nimeshaolewa, naye haachi kunitania, "Shika vizuri, usinimwagie, haya siyo ya kupikia," basi Shangazi, hadi leo boneti ikifunguliwa nikasikia ile harufu namkumbuka.

Mara ya mwisho alibadilisha maji muda mfupi kabla ya kulazwa, na kutoka hospitali hakurudi. Ni miaka minne sasa. Pikapu ni yangu, ndiyo ninayompelekea mama kliniki, na sijawahi kumruhusu mtu ayatoe yale maji kwa sababu ni ya baba, aliyamimina kwa mkono wake mwenyewe, yakipungua naongeza kidogo ya bomba ili ya kwake yabaki humo humo. Wiki iliyopita gari likachemsha katikati ya barabara, mvuke umetanda, mama yumo ndani ananiuliza kama tunaungua. Injini ilipopoa fundi niliyemwita akafungua kifuniko, maji yalikuwa ya kahawia kama chai ya rangi. Akaniambia, "Dada, kutu inakula hii injini. Niyamwage nisafishe, la sivyo utaunguza gasketi." Nikaifunga boneti kwa kishindo, nikamwambia asiguse. Kaka yangu anasema nimerogwa na rejeta. Nifanyeje, Shangazi? Nikiyamwaga, cha baba nitabaki nacho kipi?

Binti wa Dereva

Binti wa Dereva, nimecheka, nimemaliza, kisha nikaisoma tena barua yako, maana nami nina marehemu wangu. Pole sana, mwanangu. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Nimemuuliza fundi wa gari letu hapa kazini. Anasema ndani ya yale maji ya kijani mna dawa ya kuzuia kutu, na dawa hiyo huchoka yenyewe, hata gari likikaa tu. Wewe juu ya kuchoka kwake umeizimua na maji ya bomba, miaka minne! Baba yako alikuwa akiyamwaga kila yalipochoka, wala hakuyaaga. Hakuwa akitunza maji yule mzee. Alitunza injini, ili nyinyi msikwame njiani. Wewe umetunza maji, na mkewe amekwama njiani. Huko si kumuenzi, ni kumharibia kazi.

Kwa hiyo mrudie fundi, umwombe radhi kwa ile boneti. Injini iwe baridi kabisa kabla hamjagusa kifuniko, uso mwingine hauuzwi dukani. Mfungue kizibo cha chini ya rejeta, mkinge kwa beseni, wala msiyamwage uani: yale maji yana utamu na ni sumu, mbwa au mtoto akiyalamba mtakuwa na msiba mwingine. Fundi ndiye atakayejua pa kuyapeleka. Asuuze mpaka yatoke meupe, aangalie mipira ya kupitishia maji na kifuniko. Halafu ya kijani mapya, yachanganywe kama dumu linavyoelekeza, na maji yaliyosafishwa. Ya bomba waachie wenye vyombo vya kuosha, chumvi yake ndiyo inayoharakisha kutu.

Na kumimina, mimina wewe. Fundi asimame pembeni akuelekeze. Mama asipande gari hilo kabla hujafanya haya, nimemaliza.

Najua utalia. Lia tu, mwanangu, mpaka uchoke. Ila ukiwa umeinamia rejeta geuza uso pembeni, machozi nayo yana chumvi.

Shangazi