Mwanafunzi wa Kawaida

Nchelenge, Jumamosi, mwezi wa tano, 1975

Baridi imeanza. Tangu asubuhi upepo unavuma kutoka kusini na ziwa limechafuka, mitumbwi mingi haikutoka. Mimi nimetoka, nimerudi, na sasa naandika kwa sababu hapa nyumbani hakuna ninayeweza kumsimulia jambo hili bila kulia.

Wamenikataa.

Barua ya chuo cha Amerika ilifika Jumanne. Aliniletea Sista Ruth, yule muuguzi Mwamerika wa misheni, kwa kuwa tulitumia sanduku lao la posta. Nilijua kabla sijaifungua. Ni yeye aliyeniambia mwaka jana kwamba wakikukubali wanatuma bahasha nene, ina fomu za daktari, za viza, za chumba cha kulala. Wakikukataa ni karatasi moja. Ilikuwa karatasi moja. Wanasikitika, waombaji walikuwa wengi na wazuri mno, wananitakia heri.

Baba, ambaye ni mfanyabiashara wa samaki mzaliwa wa Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, alisema ni mapenzi ya Mungu, akarudi kwenye magunia yake. Jioni Mama aliniwekea mimi kichwa cha samaki, ambacho siku zote ni cha Baba, na Baba akajifanya hakuona. Hapo ndipo nilipojua kwamba wote wawili wameumia.

Nitasema ukweli. Nilijua nitakubaliwa. Naona haya kuiandika sentensi hiyo hata hapa, ambapo hakuna anayesoma, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mtihani wao nilikwenda kuufanyia Lusaka, siku mbili juu ya lori la samaki wakavu, nikaingia chumbani na gauni linalonuka hata kijana wa meza ya jirani akavuta kiti chake mbali. Nilimwonea huruma, maana mimi nilimaliza kabla yake. Alama zilipokuja Sista Ruth alizisoma mara mbili, kisha akaketi kwenye ngazi za zahanati na kusema kwamba hata huko kwao wasichana wachache wanapata namna hii. Ndiyo maana nilikuwa nimeshaanza kuota theluji. Nilikuwa nimeshamgawia mdogo wangu kitanda changu.

Basi leo nilikwenda kumwambia Mwalimu Ilunga. Ni lazima nimwambie, kwani ndiye aliyenifundisha hesabu miaka mitano, na ndiye aliyejaza ile fomu ya mwalimu ambayo chuo kinaitaka. Alivuka ziwa miaka ya vita vya Katanga, na mke wake na sanduku moja la vitabu, akaanza kutufundisha hesabu kwa Kiingereza alichokuwa akikisoma usiku kwenye kamusi. Kwa watoto wa pwani hii yeye ndiye hesabu yenyewe.

Nilimkuta barazani, blanketi mabegani. Mkewe alinipa kikombe cha munkoyo, uji mwepesi wa mahindi, mtamu, bado haujachachuka.

"Ikala, mama," Mwalimu akasema, akinionyesha kigoda. "Sura yako haiko muzuri leo. Banasema nini?"

"Wamekataa, Mwalimu."

Akasema kwamba fomu yake haiwezi kuwa ndiyo sababu, maana yeye aliandika vizuri, na kama sisadiki nitazame mwenyewe. Akaingia ndani. Mwalimu huweka nakala ya kila anachoandika, kwa karatasi ya kaboni, tabia aliyoitoa katika ofisi za Wabelgiji. Alirudi na jalada, akatoa nakala ya fomu ile na kunikabidhi kwa mikono miwili.

Nimeisoma mara moja tu na naikumbuka yote.

Juu kuna visanduku vya kutia alama. Mwanafunzi huyu ni chini ya wastani, wastani, mzuri, mzuri sana, au, kisanduku cha mwisho kabisa, miongoni mwa wachache bora niliowahi kuwafundisha. Mwalimu Ilunga alitia alama kwenye wastani. Kwenye akili, wastani. Kwenye bidii, wastani. Chini yake, kwa mwandiko wake mzuri uliolala upande, aliandika kwa Kiingereza maneno ambayo kwa lugha yetu ni haya: Nimemjua msichana huyu miaka mitano. Ni mwanafunzi wa kawaida. Katika hesabu anajaribu. Ana kasoro zake kama watoto wote. Mkimchukua hatawaletea aibu.

Nikakiweka kikombe chini.

Wala sikuhitaji kuuliza kwa nini. Mtu wa mahali pengine angeuliza. Mimi nimekulia hapa. Mvuvi akirudi na mtumbwi umejaa hadi maji yanakaribia kuingia, ukimwuliza atakuambia amepata ya mboga tu. Mama alipojifungua mdogo wangu, mtoto mnene mwenye nywele nyingi, majirani wote waliinama juu yake wakasema, hiki kitoto kibaya namna gani, na Mama akafurahi. Baba hajawahi kumwambia mnunuzi kwamba samaki wake ni wazuri. Kizuri chajiuza, husema, kibaya chajitembeza. Mtoto wako usimsifu mbele ya wageni, kwa sababu hujui ni nani anasikiliza, na ana macho ya namna gani.

Na "hatawaletea aibu"! Hapa kwetu hakuna sifa iliyo juu ya hiyo. Msichana akiolewa, wazee wakisema hivyo, mamake hulia kwa furaha.

Kwa hiyo nilielewa. Lakini nikakasirika vilevile, na hasira ile ndiyo ninayoijutia sasa. Nilimtazama yule mzee na blanketi lake nikawaza, wewe ndiye uliyenifungia mlango, na bado unasubiri nikushukuru.

Alikuwa ananiangalia. Mtu aliyefundisha miaka mingi anajua sura ya mwanafunzi aliyeona kosa ubaoni.

"Iko kosa?" akaniuliza.

Ningeweza kusema hapana. Njia nzima ya kurudi nimekuwa nikijiambia kwamba ningeweza. Lakini nikamwambia. Nikamweleza kwamba Wamerika wanataka mwalimu amsifu mwanafunzi wake kwa nguvu zote, na kwamba asiyesifiwa wanaona hana kitu. Nikamwambia wastani maana yake wanaiweka karatasi pembeni. Nilisema polepole na kwa heshima, kama tunavyofunzwa, na heshima yote ile haikupunguza chochote.

Alivua miwani yake. Akaifuta kwa ncha ya blanketi, muda mrefu, miwani ambayo haikuwa na vumbi.

"Mi nilikukinga," akasema. "Ile ofisi iko na batu wengi. Sibajue. Mutoto hatumutaje mbele ya batu hatubajue."

Mkewe aliyekuwa akipepeta mahindi uani akaacha kupepeta.

Kisha Mwalimu akatazama mlango, akatazama barabara, akaniinamia kama mtu anayetaka kuiba. Akasema kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia kwa shida, "We ulikuwa wa kwanza. Tangu nianze kufundisha, huku na kule Kongo, hakuna mwingine." Na papo hapo akatema mate chini, upande, ili maneno yasinifuate.

Miaka mitano nilikuwa nikiyangoja maneno hayo. Nilidhani nikiyasikia nitafurahi. Nililia kama mtu aliyeletewa habari ya msiba, na yeye akanipa mgongo ili nilie kwa nafasi.

Sista Ruth alikuwa ameomba fomu mbili mwaka jana, moja ya akiba kama nyingine itaharibika. Ile ya pili ilikuwa bado ndani ya jalada, safi. Sista anasema chuo kinaruhusu mtu kujaribu mara ya pili, na mara ya pili ndiyo ya mwisho. Mwalimu aliichukua akaiweka juu ya goti, akafungua kalamu yake ya wino. Aliielekeza kwenye kile kisanduku cha mwisho. Kalamu ikasimama hewani. Nikaona jasho kwenye paji la uso wake, na baridi yote hii.

"Mukono inakatala," akasema.

Akashuka hadi chini ya ukurasa, akatia sahihi yake, na juu yote akaacha wazi. Akanikabidhi.

"Weka we mwenyewe. Pale wanapotaka. Mi nimesema tayari, Mungu amesikia."

Sikubisha. Najua kwamba fomu ya mwalimu haijazwi na mwanafunzi. Yeye pia anajua, tena ni mtu ambaye hajawahi kumsaidia mtoto kwa jibu moja katika mtihani. Nilipofika barabarani nikageuka nyuma, naye alikuwa bado amekaa na kalamu wazi mkononi. Sijawahi kumwona mzee kiasi kile.

Nimerudi, nimefunga mlango, nimeiweka fomu mezani. Mama amegonga mara moja kuuliza kama naumwa. Nimesema hapana.

Nilifikiri itakuwa kazi ya dakika moja. Nimeona alama zangu za Lusaka kwa macho yangu. Mwalimu amesema kwa kinywa chake. Nikaipeleka kalamu hadi kisanduku cha mwisho, kile cha wachache bora, nikaishikilia pale mpaka wino ukakauka kwenye ncha. Nikajisikia kama kuna mtu amesimama nyuma yangu. Nikageuka. Ukuta tu, na gauni langu msumarini.

Nimetia alama kwenye "mzuri".

Si "mzuri sana". "Mzuri". Kwenye akili, mzuri. Kwenye bidii, mzuri. Mkono haukupanda zaidi ya hapo, na nimeujaribu, Mungu ni shahidi.

Asubuhi nilimhukumu yule mzee moyoni mwangu, na kabla jua halijazama nimefanya yaleyale. Tena yeye alikuwa akimlinda mtoto wa mwenzake. Mimi sijui nilikuwa namlinda nani.

Wino haufutiki, na fomu nyingine hakuna. Jumatatu nitaipeleka posta hivyohivyo.