Likizo ya Wiki Mbili

Masisi, Ijumaa

Mama yangu mpendwa huko Ngungu,

Nakusalimu sana, wewe na Papa na wote wa nyumbani. Natumaini mguu wako umepona na kwamba mvua haikuozesha maharagwe. Mimi naendelea vizuri, kama wanavyotaka niseme. Ukweli ni kwamba nimechoka, Mama, na nimechoka zaidi kuambiwa kwamba sina sababu ya kuchoka.

Leo ni siku ya kumi na mbili tangu nipasuliwe. Likizo inaisha, na Jumatatu natakiwa nipande pikipiki, saa nzima ya mashimo, hadi ofisini. Nami hata kutoka kitandani bado ni safari: kwanza ubavu, kisha kiwiko, kisha napumzika. Nikikohoa nashika mto tumboni kama mwizi aliyeficha kuku. Gesi zinanizunguka, jasho linanitoka bila kazi yoyote, na nikichambua maharagwe nasinzia nayo mkononi.

Mama mukwe Verdiane, tunayeishi naye, hanitukani. Ananilinganisha. Wote wanajua ni apandisite, kile kidole cha tumbo, kama ile ya jirani yetu Grégoire. Kila asubuhi nasikia: “Grégoire walimupasua, juma moja tu, njo huyo anabeba gunia ya maharagi! Na iko muzee!” Juzi Grégoire mwenyewe alikuja, akapandisha shati kabla hata ya kuketi, akanionyesha kakovu kake, akaomba kuona langu tulinganishe. Nilimjibu kwamba mimi ni mke wa mtu. Akacheka: “Dada, ugonjwa yako iko mu kichwa.”

Jana nilitaka kuwanyamazisha. Nilibeba bidoni la maji, lita ishirini, kutoka bombani hadi jikoni. Nilifika. Kisha nikaona damu. Ilikuwa kidogo na imekoma, lakini sikutoka tena kitandani hadi jioni. Mume wangu Jean-de-Dieu alinifokea kwa sauti ya chini ili mama yake asisikie: “Daktari alisema majuma sita! Sita!”

Mama, haikuwa apandisite. Ile damu niliyokuficha tangu mwaka jana ilitokana na uvimbe, na daktari hakupata njia ya kuizuia ila kutoa kizazi. Mimi na Jean-de-Dieu tulitia saini wote wawili. Majuma sita bila kubeba kitu, bila pikipiki. Lakini ofisini mimi ndiye ninayeandika barua za likizo za watu wote. Nilipoandika yangu, pale kitandani hospitalini, nikafika kwenye sababu, nikaogopa. Mamy anayepanga mafaili husoma kila kitu, naye anaimba kwaya moja na mama mukwe. Nikaandika apandisite, wiki mbili. Mkuu wetu, Papa Théophile, alitia saini bila kusoma, kwa kuwa sijawahi kukosea. Hakuna aliyeniita Jumatatu ila karatasi yangu mwenyewe.

Leo nimeandika nyingine, yenye neno la kweli na cheti cha daktari. Rukundo wa pikipiki ameondoka nayo saa tatu. Mamy ataisoma kabla ya mchana, kwa hiyo mama mukwe nitamwambia mimi, mara akirudi kutoka shambani, Jean-de-Dieu akiwa ameketi kando yangu. Sijui atasema nini. Tuna miaka miwili ya ndoa, na kila Jumapili ananitazama tumbo kabla ya uso.

Njoo, Mama, njia ikiwa wazi. Usilete mizizi ya kuchemsha, wala usilete mtu wa kuliombea tumbo. Na tafadhali usiniambie kwamba Mungu atanipa mtoto kwa wakati wake. Hana tena pa kumweka. Njoo ukae nami tu, nilale mchana bila mtu kuniuliza kwa nini.

Msalimie Papa. Habari hii mwambie wewe, polepole, akiwa ameshakula.

Ni mimi binti yako, ninayekuogopa kidogo na kukupenda sana,

Shekinah