Mume Wangu Hataki Tena Nimfukizie Udi

Mama Paskazia, shikamoo. Nakuandikia kabla sijafunga virago, maana nikiendelea kunyamaza nitapasuka. Niko Ipagala hapa Dodoma, mume wangu ni Abdulrazaki, alikuwa akifanya kazi shirika la umma na lilipouzwa wakampunguza, akakaa nyumbani mpaka tukachokana, ndipo akapata kazi kwenye mradi wa Wazungu wa utafiti wa malaria, anasema wanamfundisha kazi za maabara ili siku chanjo ikija kujaribiwa wawepo wataalamu wa hapa hapa, nami nikamshukuru Mungu. Sasa Mama, tangu aingie huko amebadilika, manukato ya Dubai niliyomnunulia hayagusi, sabuni ya kunukia hataki, na udi ninaomfukizia mashati tangu tulipooana anasema niache, eti unamharibia kazi, nani huyo kazini anayekerwa na harufu ya mke wa mtu? Ramadhani hii ndiyo imenimaliza, anarudi magharibi, akishafungua kwa tende na uji anaiacha futari niliyohangaikia na kutoka mbio kurudi huko huko, na juzi alipokunja shati kutawadha nikaona mkono wa kushoto umejaa vidoadoa vyekundu, nikamuuliza, "Baba Lulu, hivi ni nini?" akalishusha shati haraka, "Mambo ya kazi, mke wangu, ukiyajua utayapeleka bombani." Jirani yangu Hana anasema mradi ule unanyonya watu damu na kuipeleka Ulaya, mimi naona kuna mwanamke, na pengine yote mawili ni kweli. Chetezo nimekitupia juu ya kabati, na kaka yangu Jamaldini atatoka Chemba siku ya Idi kuja kunichukua. Niondoke?

Stara, Ipagala

Marahaba, Stara. Mwanamume anayeacha futari mezani lazima aulizwe, hilo sikulaumu. Lakini wewe umeuliza mara moja, ukajibiwa nusu, na nusu iliyobaki ukaenda kuichukua kwa Hana.

Mimi mwenyewe si mwepesi wa kuamini watu. Barua yako nilimsomea binamu yangu Gaudence, mtafiti wa malaria katika mkoa mwingine, akacheka mpaka akavua miwani. Anasema mumeo, kwa dalili zote, anafuga mbu. Mbu jike hatagi bila kupata damu, na bila mayai hakuna mbu wa kufanyia utafiti, kwa hiyo kuna wafanyakazi wanaoingiza mkono kwenye kizimba cha mbu wakaumwa. Ukinukia sabuni au udi, mbu hawausogelei mkono wako. Huyo mwanamke unayemtafuta ana mabawa, bibi. Na mbu hao wamezaliwa humo humo, hawajawahi kumuuma mgonjwa, kwa hiyo hawana malaria ya kumwambukiza. Kuhusu futari, Gaudence ana mwenzake Mwislamu ambaye naye hataki kutoa damu akiwa na saumu, hungoja afungue ndipo arudi kwa mbu. Kama ni lazima au si lazima, waulize masheikh, mimi ni Mkatoliki.

Hata hivyo kicheko chake hakikunitosha. Nikamuuliza, "Na hao wageni, wao mikono yao wanaiweka wapi?" Akaacha kucheka. "Dada," akasema, "hapo umeuliza."

Basi na wewe uliza hilo, tena akiwa ameshiba, siyo anapovaa viatu. Anafundishwa nini zaidi ya kuumwa? Damu ya mgonjwa anaisoma mwenyewe kwenye darubini, au anamshikia mtu taa? Wageni wakipanda ndege, nani atabaki anajua kuendesha kazi ile? Akikujibu bila kusita, una mume fundi na umshukuru tena Mungu. Akianza kujikuna kichwa, basi Hana hakukosea sana, na Abdulrazaki aende kwa mkubwa wake akadai mafunzo aliyoahidiwa, maana mkono wa kuumwa kila mtu anao. Kisha akupeleke mchana ukavione vizimba kwa macho yako. Akikataa, niandikie, tutamshuku pamoja.

Nawe Abdulrazaki, najua gazeti hili linafika Ipagala. Umeficha ukiogopa maneno ya bombani, na bombani wameyasema vile vile, ila mkeo ameyasikia peke yake, bila wewe wa kumweleza ukweli.

Stara, Jamaldini aje ale pilau ya Idi na arudi Chemba bila wewe. Chetezo kishushe. Mfukizie mumeo akisharudi kutoka kazini, siyo kabla hajaenda, na uanze na ule mkono wa kushoto.