Nimefungua Kompyuta ya Mama Mkwe, Sasa Anajilaumu Yeye

Mshauri wangu mpendwa, nakuomba msaada kabla ya Jumamosi, maana kosa nimefanya mimi na anayeumia ni mtu ambaye hajakosa lolote.

Mimi ni mama wa mapacha wa miezi tisa, nilisoma mpaka kidato cha nne, na ninafanya kazi kwenye studio ya picha ya mama mkwe wangu, chumba kimoja kinachotazama barabara, pazia la buluu ukutani, stuli, benchi la wateja, na kompyuta ya mezani chini ya kaunta. Mtaa mzima unamwita Mama Picha, na sifa zake sijui nianzie wapi, maana mtu akija amenuna kupiga picha ya pasipoti yeye humwambia, "Inua kidevu baba, hujaiba kitu," mtu akitabasamu kidogo tu tayari ameshampiga, na mimi nilipojifungua kwa kisu ni yeye aliyeniogesha mwezi mzima, akitoka hapo anakwenda kufungua studio, na hajawahi hata siku moja kunisimbulia.

Sasa kompyuta hiyo aliiunda marehemu baba mkwe kwa mikono yake, kipande kwa kipande, na tangu afariki miaka saba iliyopita haijafunguliwa, mama anasema, "Mkono wa mwisho kukaza skrubu hizo ni wa mume wangu, asiziguse mtu," na mimi nilimwelewa, lakini mshauri, matundu yake ya USB ni ya zamani, mteja akileta diski yake ya nje tumwekee picha na video za harusi anakaa kwenye benchi saa nzima na nusu, na mama, ili mtu asichoke, anamsimulia harusi yake picha kwa picha, "Huyu shangazi yako alilia kuliko bibi harusi, alikuwa na lake," mpaka mteja anasahau kuondoka. Ila siku hizi wengine hawana subira, wanakohoa, wanatazama saa, na mmoja alisema, "Mama, hii kompyuta inakopi au inachora?" watu wakacheka na mama akacheka nao, lakini mimi nilimwona alivyogeuka kupanga fremu ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Nikamuuliza fundi simu wa jirani, yule tunayemwita Daktari, akaniambia, "Mashine nzima hiyo, mlango wake tu ndio mwembamba. Ichomekee kadi ya matundu ya kasi, haizidi kiganja chako." Nikainunua. Jumanne mama alipokwenda kliniki ya macho nikawalaza mapacha kwenye mkeka, nikafungua skrubu nne, na nyuma ya kifuniko nikakuta karatasi imebandikwa, mwandiko wa baba mkwe, "Nafasi mbili za kadi zimebaki, ni za mbele ya safari," nikaisoma mbiombio maana pacha mmoja alishaanza kulia, nikachomoa waya unaokwenda kwenye matundu ya mbele ili mkono wangu upite, kadi ikaingia vizuri kabisa, halafu nikasikia sauti ya mama nje anasalimiana na muuza magazeti, nikafunga kila kitu haraka haraka na ule waya sikuurudisha.

Mchana huohuo mama akachomeka diski ya mteja pale mbele, kimya. Akaipuliza, akaigeuza, kimya. Akakaa kwenye stuli ya wateja akasema, "Nimeiua, mwanangu. Miaka yote nasukuma kwa nguvu, na macho haya hata sioni ninapochomeka. Imemfuata mwenyewe." Amemwambia mume wangu kwamba Jumamosi anafunga studio na kamera atampa binamu yake. Nimefungua mdomo mara tatu nikaishia kuuliza kama chai ina sukari. Je, nirudishe waya kimyakimya aone imepona yenyewe, au niseme, aone nimemkosea yeye na marehemu?

Mama wa Mapacha

JIBU

Mama wa Mapacha, nimecheka kwa yule shangazi na nimekunja uso kwa ule waya.

Pole kwa uchovu, na kwa kununua kadi nakupongeza. Umeona aibu ya mtu unayempenda ukatafuta dawa. Lakini ulipomsikia akisema "nimeiua", ukauliza habari za sukari? Mtu aliyekuogesha wakati huwezi kuinama? Aibu yako, mwanangu, na nakuambia kwa upendo.

Kimyakimya hapana. Ukirudisha waya kwa siri, kompyuta itapona, yeye hatapona. Ataendelea kuamini kwamba mikono yake imekwisha kazi, na mtu mwenye imani hiyo kamera anaigawa tu, kama si Jumamosi hii basi ijayo. Mficha uchi hazai, na wewe umezaa wawili kwa mpigo, hili halikushindi. Mwambie leo, kabla hujavua kanga ya mgongoni: "Mama, hukuiua. Nilichomoa waya mimi."

Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki, usimkatize kwa machozi.

Nimemuuliza fundi wetu hapa gazetini. Anasema zimeni, chomoeni waya wa ukutani, mguse chuma cha boksi kabla ya kugusa kitu cha ndani. Waya wa matundu ya mbele urudi palepale ulipotoka. Kisha tazameni kadi: ikiwa ina kitundu cha umeme, iunganishwe na waya wa umeme wa humohumo ndani, la sivyo diski itawaka taa na isisomeke. Ikidai programu yake, iko kwenye sidii iliyokuja na kadi. Na usimwahidi miujiza: mwenye diski mpya atamaliza upesi, mwenye diski ya zamani atakaa kwenye benchi asimuliwe harusi yake, na kusema kweli huyo ndiye mwenye bahati.

Sasa hilo la marehemu. Rudi kwenye barua yako, palepale ulipopita mbiombio. Mtu aliyeandika "ni za mbele ya safari" alitaka ifunguliwe. Mkewe amelinda skrubu zake miaka saba na hajui kwamba nyuma ya kifuniko kuna maneno ya mumewe. Umeyasoma wewe, tena mtoto akilia.

Kwa hiyo bisibisi usiishike wewe. Mpe mama kiti kizuri, mpe miwani yake, afungue mwenyewe, na ile karatasi aisome bila mtu kumharakisha. Wewe mmulikie kwa tochi, nyamaza. Mkimaliza, skrubu zote nne azikaze yeye, mkono wa mwisho uwe wake.