Karatasi Nyeupe

Shikamoo Mjomba,

Nimeitamka kwanza kwa sauti ndipo nikaiandika, halafu nikangoja kidogo, kama vile naacha nafasi ya marahaba yako. Naandika kwa kalamu. Kompyuta ya duka lako iko hapa mbele yangu, nimeizima.

Baada ya arobaini yako tuliiwasha. Walikuwepo kaka zangu wawili na Mama, wamebanana nyuma ya kiti chako, wakitarajia kuona kazi zako za miaka yote: barua, mikataba ya mashamba, wasifu wa vijana wa Newala nzima waliotafuta ajira. Hapakuwa na kitu. Faili moja tu, imeandikwa "Bei ya fotokopi". Kaka mkubwa akasema, "Hii imeliwa na virusi." Mama akasema, "Au mdogo wangu alikuwa anakuja hapa kusikiliza redio tu." Nilicheka, Mjomba, mara ya kwanza tangu tukuzike Chiungutwa. Machozi yalinitoka, na kicheko kilipokwisha machozi yakaendelea yenyewe.

Maana mimi niliyekaa kando yako miaka minne nilijua utupu ule ulivyotengenezwa. Mteja akishapokea karatasi yake unamgeuzia kioo cha kompyuta aone kwa macho yake. Unafuta. Unafungua na lile pipa la taka la kompyuta, unafuta tena. "Ukifuta mara moja umehamisha tu, mpwa wangu." Kisha unajiuliza mwenyewe mbele ya mteja, "Nimesoma nini?" Na unajijibu, "Karatasi nyeupe." Wengine walikucheka. Wengine niliwaona wakishusha mabega, kama mtu aliyetua ndoo.

Na redio. Watu walidhani unapenda taarabu. Uliniambia ulianza zamani, ulipokuwa ukiwasomea wazee barua za watoto wao waliokuwa Dar, ukaiweka redio juu ili waliokaa kwenye benchi wasisikie. Simu zilipokuja, redio haikupumzika. Namkumbuka yule babu aliyesimama mlangoni akapaza sauti, "Kijana, niangalizie simu hii, namba ya siri ni mwaka niliozaliwa!" akautaja mwaka wenyewe. Uliirukia redio, lakini ulichelewa. "Babu," ulimwambia, "mwaka huo sasa ni wa benchi zima." Ukamfundisha kuweka namba nyingine, na alipokuwa akiibonyeza wewe ulikuwa umeugeukia ukuta. Hukutaka hata kuona vidole vyake vinakwenda wapi.

Na yule mume aliyetaka kujua mkewe amechapa nini. "Muulize mkeo, mashine yangu haijui kusema." Akasema, "Wewe unajua." Ukamjibu, "Mimi ni fundi wake. Tumeshafanana."

Sasa nikuambie nililofanya.

Nilipaka ukuta rangi uliyokuwa ukiitaka. Siku ya kulifungua tena duka, ukungu ulikuwa umeshuka hadi stendi haionekani, na mwanga wa mlangoni ulikuwa mzuri, umekiangukia kiti chako. Nikapiga picha ya kiti na meza. Nikaiweka kwenye status: "Duka la Mjomba limefunguliwa. Karibuni." Watu wakatuma pole, wakatuma mioyo. Nikafurahi.

Sikuangalia kilichokuwa mezani. Kando ya printa palikuwa na barua ya hospitali ya mama mmoja niliyemtolea nakala. Alikuwa ametoka kidogo kutafuta bahasha. Jina lake sitaliandika hata hapa, wala ugonjwa. Simu za siku hizi zinaona kuliko sisi wenye macho. Mtu fulani aliivuta picha kwa vidole viwili, ikakua, jina likasomeka na ugonjwa ukasomeka.

Rafiki yangu alinipigia: "Futa! Futa sasa hivi!" Nilifuta. Nikatafuta pa kufuta mara ya pili, kama ulivyonifundisha, nikapakosa. Mara ya pili ilikuwa kwenye simu za watu wengine, Mjomba. Mchana picha ilikuwa imefika Masasi, kwa mwanawe mkubwa.

Yule mama alikuwa hajawaambia wanawe. Alikuwa anasubiri waje kuokota korosho, wakae wote, awaambie kwa kinywa chake.

Nilifunga duka nikapanda bodaboda kwenda kwake. Njia nzima nilitunga maneno: kwamba ni mtandao, kwamba watu wa siku hizi ni wabaya. Nilipomkuta akianika muhogo, nikakuona wewe ukiugeukia ule ukuta, na maneno yote nikayaacha. Nikasema, "Shikamoo Mama. Ile picha nimeitoa mimi."

Hakuniitikia. Aligeuza vipande vya muhogo kimoja kimoja. Baadaye akasema, "Mwanangu amenipigia analia. Neno lilikuwa langu, nalitunza, ukalitoa wewe." Akageuza kingine. "Mjomba wako alinichapia barua nzito kuliko hiyo. Hata kuku wake hawakujua." Basi. Nikarudi na shikamoo yangu mkononi.

Sijui kama unaweza kumwonea mtu fahari na kumwonea haya kwa wakati mmoja. Mimi niliyaona yote mawili barabarani pale. Nilikuwa nakupenda kwa upole wako, na nilidhani upole ndio uliowaleta watu kwako. Sikuwa nimeelewa kwamba ile ilikuwa kazi ngumu, ya kila siku, ya kila karatasi, na kwamba ukiiacha asubuhi moja tu mtu anaumia.

Nikaanza kuwafuata walioisambaza picha, mmoja mmoja, kwa miguu. Wengine walifuta mbele yangu. Wengine walisema wameshafuta. Mmoja aliniuliza, "Kwani kuna ubaya gani? Si kila mtu anaiona?" Nilisimama tu pale mlangoni kwake mpaka akaona aibu, akaifuta. Printa nimeihamishia nyuma ya meza, karatasi zinatoka zikiwa zimefunikwa na kitenge, na simu yangu inashinda kwenye droo.

Wiki iliyopita yule mama alikuja dukani. Alisimama mlangoni na bahasha, mwanawe mkubwa kando yake amemshika mkono. Benchi lote likamgeukia, kwa macho ya watu wanaojua. Nikainuka, nikaipandisha redio. Akatabasamu kidogo. "Redio ya marehemu," alisema.

Nilimtolea nakala, nikamkabidhi zote mkononi, nikahesabu mbele yake. Nikamgeuzia kioo. Nikafuta. Nikafungua pipa, nikafuta tena. Nilitaka kusema maneno yako, nikaona sina haki nayo. Akaniuliza yeye:

"Umesoma nini?"

"Karatasi nyeupe, Mama."

"Marahaba," alisema.

Nilichukua muda kuelewa anaitikia nini. Alipokuwa ameshavuka barabara ndipo nikakaa kwenye kiti chako nikalia, na redio ikanisitiri.

Mjomba, kesho nakuja Chiungutwa kulifyeka kaburi lako. Barua hii haina nakala. Nitakusomea kwa sauti ya chini, na redio ndogo nitakuja nayo, maana jirani zako hapo ni wengi. Kisha nitaichoma.

Ahadi yangu ni hii. Siku na mimi nitakapoondoka, watakaobanana nyuma ya kiti hiki wakiiwasha kompyuta wataikuta bei ya fotokopi tu. Waseme ni virusi. Waseme nilikuwa sifanyi kazi.

Pumzika, Mjomba. Ulinyamaza vizuri.

Jina siweki. Unanijua.

Mpwa wako