Baba Anasema Loki, Mume Anasema Kompyuta, na Mimi Nimekwama

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Ijumaa, na tafadhali usinicheke ukiona nakuletea mambo ya magari kwenye ukurasa ambao wenzangu wanaulizia wachumba, maana haya ya kwangu yameshaingia mpaka mezani na chumbani, na kichwa changu sasa hivi hakijui kushoto wala kulia.

Mimi ni mkunga katika zahanati ndogo, na kwa kuwa hatuna dereva gari naliendesha mwenyewe, kila Jumanne na Alhamisi navuka bonde kwenda kuwaona wajawazito wa ng'ambo, na aliyenifundisha kuendesha ni baba yangu mzazi, ambaye alibeba magogo kwa lori miaka thelathini na mbili na hajawahi kulala porini kwa sababu ya tope, hivyo ndivyo anavyosema yeye, ingawa mama akiwa karibu hukohoa kidogo. Lori lake lilikuwa na loki ya difu, lile bakuli la chuma lenye meno linalogawa nguvu kati ya magurudumu ya nyuma, yaani kabla ya kuingia kwenye tope unavuta kishikio, magurudumu mawili ya nyuma yanafungwa pamoja na kuzunguka sawasawa, hata moja likiwa hewani jingine linasukuma, na ukishatoka unaifungua, kwa sababu kwenye barabara ngumu gari linagoma kukata kona na vyuma vinaweza kukatika. Na jambo alilonikaririsha kuliko yote ni kwamba nikisikia chuma kinalia chini ya gari nitoe mguu kwenye mafuta hapo hapo, maana siku moja yeye hakutoa na meno ya difu yakasagika yote.

Sasa gari tulilopewa mwaka huu halina loki, lina kompyuta. Mume wangu ni fundi umeme wa magari, na ndiye aliyenieleza kwamba tairi moja likianza kuzunguka bure kompyuta inalikamata kwa breki, hilo moja tu, ili nguvu ihamie kwa tairi lenye kushika ardhi, nami nisivute kitu wala kubonyeza kitu. Baba aliposikia akauliza, kwa hiyo gari limekwama na dawa yake ni kulifunga breki? Mume wangu akamjibu kwa adabu, lakini ile adabu yake ya kukaza shingo, kwamba mzee, zama zimebadilika. Tangu siku hiyo wanaongea kupitia kwangu, hata wakiwa kwenye kochi moja.

Wiki tano zilizopita, Alhamisi asubuhi, mvua ikiwa imenyesha siku tatu mfululizo, nilikuwa narudi kutoka ng'ambo na mama mmoja aliyeshikwa na uchungu, pamoja na mdogo wake wa kike, na pale chini kabisa ya bonde tairi la nyuma kushoto likaning'inia kwenye shimo na la mbele kulia likainuka, matairi yakazunguka bure, halafu ukatoka mlio chini, krrr krrr krrr, kama mtu anayekwangua sufuria, na mimi nikatoa mguu. Mlio ukakoma na gari likazama kidogo. Nikakanyaga tena, krrr, nikatoa tena, sijui mara ngapi, labda kumi na mbili, mpaka tumbo la gari likalala kwenye tope. Mtoto alizaliwa kiti cha nyuma, nikampokea mimi huku mama yake mdogo akishikilia mlango, ni mzima na analia vizuri, ng'ambo wanamwita Katope, lakini mama yake alitoka damu nyingi na tulingoja saa mbili nzima mpaka trekta likaja kutuvuta. Alipona, mshauri. Nakwambia alipona, lakini nikifumba macho nakiona kile kiti.

Baba alisema si nilisema. Mume wangu alichomeka kipimo chake kwenye gari, akaangalia siku mbili, akasema kompyuta haina kosa lolote, tope ndilo lilikuwa na kina kirefu. Wiki iliyofuata baba akaleta difu ya mtumba yenye loki, ipo sebuleni kwangu chini ya dirisha juu ya magazeti, wageni wanajikwaa, na anasema Jumamosi ataifunga mwenyewe kwenye gari. Mume wangu akasema chuma kile kikiingia mle kompyuta itachanganyikiwa, nami nikamjibu basi tutakuwa wawili, na hakucheka.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Mume wangu aliniuliza kama siku ile nilishikilia mguu kwenye mafuta, nikasema ndiyo. Sijui kwa nini nilisema ndiyo. Na sijui kama kutoa mguu ndiko kulikotuzamisha, au ni kompyuta, au ni tope, kila nikifikiri napata jibu tofauti, lakini naogopa nikisema kweli baba ataona mafundisho yake yalitaka kuua mtu, mume wangu ataona ameshinda, na mimi nitaonekana mkunga asiyejua hata pedeli. Mkuu wa zahanati anataka niandike kufikia Ijumaa kama naweza kuendelea na njia ile, la sivyo inafungwa na kina mama wa ng'ambo waje wenyewe kwa miguu. Barua ya kukataa nimeshaiandika, iko kwenye mkoba. Halafu jana akaja yule mdogo mtu aliyeshikilia mlango, ana mimba ya miezi minane, ametembea kutoka ng'ambo na miguu imevimba, akaniambia, "Mimi siji tena kwa miguu. Siku yangu ikifika nitakungoja wewe." Nikamjibu sawa. Sasa barua ya kukataa iko kwenye mkoba na neno sawa limeshanitoka mdomoni. Ni loki au ni kompyuta, mshauri, na nisimame upande wa nani?

Mimi niliyekwama,
Mkunga wa Bondeni

*

Mwanangu Mkunga wa Bondeni,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa huruma na ya pili kwa hasira. Pole sana kwa saa zile mbili. Kupokea mtoto ndani ya gari lililozama na kumshikilia mama yake asiende ni kazi ya mtu anayejua kazi yake, na naona hakuna aliyekwambia hivyo nyumbani kwako kwa kuwa wote wanaangalia difu.

Mimi magari nayajua kwa kupanda tu. Kwa hiyo nilimpigia mama mmoja anayewaendesha wapima ardhi, ambaye ametumia loki na kompyuta vyote viwili, nikamsomea kipande chako cha krrr krrr. Akasema, "Mwambie huo mlio ndiyo kazi yenyewe." Ni breki zinakamata na kuachia. Kompyuta haijui kwamba umekwama mpaka tairi lizunguke, na ukitoa mguu inadhani shida imekwisha, nayo inaacha. Kwa hiyo kila ilipoanza kukusaidia uliifukuza. Ilitaka mguu uliotulia kwenye mafuta, hauzidi wala haupungui, kwa muda mfupi. Gari lisipotoka, unasimama, unarudi nyuma, unachukua koleo, kwa sababu breki nazo huchemka. Hakuapa kwamba siku ile ungetoka, ila alisema hukulipa gari nafasi ya kujaribu.

Na loki si uzee. Mahali pabaya kweli huenda ikashinda, kwa kuwa haingoji tairi liteleze ndipo ianze kufikiri. Lakini unaifunga kabla ya kuingia, na kwenye mteremko wa ubavuni inaweza kukutelezesha pembeni. Baba yako anasema kweli ya lori lake na mumeo anasema kweli ya gari hili. Wewe ndiye uliyeendesha gari la kompyuta kwa mguu wa baba yako.

Sasa nikugombeze. Lile gari ni la zahanati. Nani aliwapa hao wanaume wawili ruhusa ya kuligombania kama mahari? Asifunge mtu chuma humo bila idhini ya wenye gari, na hiyo difu itoke sebuleni leo, kabla mgeni hajavunjika mguu ukapata mgonjwa mwingine. Na wewe unaniuliza usimame upande wa nani! Njia mbili zilimshinda fisi, na fisi ana miguu minne.

Neno lako moja, ndiyo, limechochea ugomvi wao wiki tano. Nawe ni mkunga, sidhani kama ni mimi wa kukufundisha kwamba mficha uchi hazai. Leo waketishe wote wawili, mama yako naye awepo akohoe panapostahili, useme, "Nilitoa mguu." Usianze na lakini. Baba yako itamuuma, mwache imuume, kisha mwambie alikufundisha vizuri kwa lori lake. Mumeo akitaka kushangilia, muulize kwa nini katika maelezo yake yote hakukutajia huo mlio hata mara moja.

Kesho yake mwambie mkuu wako maneno hayo hayo, na umwombe akuongezee siku, ili Jumamosi uende kwanza bondeni na gari bila mgonjwa. Beba koleo na kamba, mjulishe mwenye trekta. Mumeo akae pembeni yako akuchungie mguu. Baba yako atangulie chini na fimbo akupimie tope, kwa sababu kompyuta haioni shimo kabla ya kutumbukia na yeye analiona. Rudia mpaka mlio ule uuzoee. Ukishindwa ilhali mguu umetulia, hapo una hoja ya kuwaandikia wenye gari wakupe lenye loki, na ya kumhamishia yule mjamzito upande wenu kabla mvua haijakaza. Lakini andika hivyo kwa kujua, usiandike kwa kuogopa.

Mguu ukitaka kuachia mafuta, kumbuka jambo moja. Kila wiki unasimama mbele ya mwanamke anayelia, na hujawahi kumwambia aache kusukuma kwa sababu ya kelele. Unamshika mkono, unamwambia endelea, ndiyo kazi hiyo. Basi na mguu wako uambie hivyo.

Barua iliyo kwenye mkoba ichane. Yule binti alishikilia mlango siku ile na aliona kila kitu, na bado amesema atakungoja wewe.