Ngoma ya Baba Imepata Chumba

Ulyankulu,
Jumatatu.

Mdogo wangu Rustika,

Tumsifu Yesu Kristu. Marahaba, kama umeniamkia. Kama hujaniamkia, nimeitikia hivyo hivyo, ukubwa hauombwi. Hamjambo huko Urambo? Goti la shemeji Egidi limepoa, au bado analitumia kukwepa jembe? Sisi wazima. Mimi nimevimba mdomo na jicho moja, lakini ni uvimbe wa ushindi.

Unakijua kile chumba kando ya kigango. Binti yangu Stela alikiomba kiwe makumbusho yetu sisi tuliotoka Burundi, maana wajukuu wanadhani tuliota hapa kama uyoga. Akazunguka nyumba kwa nyumba, akapata vikapu, mikuki miwili, na mtungi wa pombe na mirija yake. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Lugembe, alipokuja kukagua alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema vikapu hata jikoni kwa mkewe vipo, na hakuna anayeliita jiko lile makumbusho. Akatoa wiki mbili: asipoona kitu cha kumwinua mzee wa Kirundi kitini, chumba kinakuwa stoo ya mbolea.

Mwanangu Stela alilia. Akasema laiti ngoma ya babu ingekuwepo, ile ambayo baba yetu aliibeba kichwani tulipokimbia Burundi mwaka wa sabini na mbili, akaacha godoro.

Nikamwambia anyamaze. Nikaingia msituni na panga, kamba na mwenge wa moshi, nikarudi na ngoma nimeifunga kwenye baiskeli. Nikakataa kusema nilikoitoa mpaka ipigwe kwanza. Fundi Nestory akaiwamba ngozi mpya, akaipigilia vigingi.

Jumamosi ikalia. Rustika! Bibi Benedikta, yule ambaye hata Injili anaisikiliza amekaa, aliinuka akanyoosha mikono juu kama pembe za ng'ombe. Wazee wakaitikia majigambo ambayo nilidhani tuliyazika mpakani. Vijana wakaacha simu. Lugembe, Mnyamwezi mzima, akatikisa mabega, akatulaumu eti mbona tulimficha kitu kama hiki. Chumba ni chetu, kwa maandishi na mhuri!

Sasa kaa chini, na mwiko uweke mbali. Miaka arobaini umemwita mumeo mwizi wa ngoma, kwa kuwa wiki ilipopotea alionekana akipita na mzigo mkubwa. Ilikuwa mihogo. Ngoma niliichukua mimi. Ngozi yake ilikuwa imepasuka, nami nilitaka mzinga wa nyuki na kuchonga niliona uvivu. Nikaiziba kwa ubao, nikaitundika mtini. Asali ya harusi yako, uliyosema haina mfano, ilitoka tumboni mwake. Na mbuzi wa faini niliyemtoza Egidi kwenye posa nilimla, tena figo nilijichagulia. Mwanzo nilimwogopa baba. Baba alipokufa nikakuogopa wewe.

Lakini ngoma za wenzetu zote ziliisha kwa mchwa. Yetu nyuki waliilinda, na wameniaga kwa kunichoma.

Stela ameyaandika yote kwenye karatasi, akaibandika chini ya ngoma, jina langu kwa herufi kubwa. Ndiyo maana nimewahi kukuandikia kabla hujasikia sokoni.

Njooni Jumapili ya Utatu. Nimefunga mbuzi, safari hii wa kwangu. Egidi ndiye atakayeshika fimbo za ngoma kwanza. Mimi nitasimama mbele ya watu nimwombe radhi, na goti nitapiga mimi.

Nisalimie watoto na jirani wasionichukia.

Kaka yako, mwizi mwenyewe,
Leopoldi